Wa Tatu Kutoka Kushoto

Cheka. Cheka umalize kabisa, usibakize, maana sitaki mtu wa kunikatiza katikati kwa kukohoakohoa. Najua unavyofikiri. Unafikiri majini ni mali ya watu wa pwani, na sisi wa Kisumu Mungu alitugawia mbu, omena na gugumaji, basi. Umesoma mpaka chuo, una kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, na ukiona jambo usilolielewa unasema ni uchovu. Sawa. Nieleze basi wewe msomi: nepi mbichi, kwenye kamba, saa nane mchana, upepo wa ziwa ukivuma mpaka mabati yanalia, kwa nini zisitikisike?

Hujui. Kaa chini.

Aliyeziona nepi hizo ni Nasipwondi, mjane wa miaka sabini na sita. Alikuwa akikaa Kaloleni ya Kisumu, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, pamoja na mwanawe Mathews, mke wa Mathews aitwaye Winny, na mjukuu wa kiume wa miezi mitatu. Shule aliachia darasa la nne. Miaka ishirini na tisa alifagia uwanja wa ndege wa Kisumu, akasugua vyoo vya marubani na vyoo vya wakubwa, na alichojifunza huko ni kwamba vyote vinanuka sawa. Mtu kama huyo humtishi kwa urahisi.

Jumanne hiyo alitoka nyuma ya nyumba kuanua nguo. Shuka la Mathews lilikuwa limevimba kwa upepo kama tumbo la mja mzito. Gauni la Winny lilirusha mikono huku na huku. Hata soksi zilikuwa zikicheza. Lakini nepi kumi na mbili za mtoto zilining'inia wima, kimya, kama vigae.

Nasipwondi alilamba kidole, akakiinua juu. Upepo upo. Akatoa nepi moja, akaihamishia katikati ya shuka na gauni. Ikaning'inia vilevile. Akaileta puani, na pale ndipo aliposimama.

"Winny! Umefulia nini nepi za mtoto?"

"Sabuni ya kipande, Mama."

"Na nini tena?"

"Na mikono yangu, Mama."

"Njoo unuse hapa."

Winny alikuja, akanusa, akanusa tena. "Mimi nasikia jua tu."

"Una mafua?"

"Sina."

Nasipwondi alikunja nepi zote. Hazikunuka jua. Zilinuka mafuta ya ndege, na harufu hiyo hakuna wa kumdanganya nayo, kwa kuwa marehemu mumewe, Shitanda, alikuwa mtia mafuta uwanjani, na kwa zaidi ya miaka ishirini alilala naye kitanda kimoja na harufu hiyo katikati yao. Si kali kama ya petroli ya pikipiki. Ina utamu kidogo ndani yake, utamu wa kukuumiza kichwa. Shitanda alikufa mwaka wa tisini na nane. Ovaroli zake Nasipwondi alizichoma kwa mkono wake.

Na ilikuwa siku ya nne tangu mtoto aache kulia.

Inabidi nikurudishe nyuma kidogo, usije ukasema nimekuruka.

Mathews ana kibanda karibu na soko la Kibuye, anatengeneza simu na kupiga picha za paspoti. Katika simu yake mna kundi la WhatsApp la watu mia nne na kitu wanaokusanya picha za kale za ndege na viwanja vya ndege vya huku ziwani: zile ndege za enzi za mkoloni zilizokuwa zikitua juu ya maji, ndege za injini mbili, kiwanja kilipokuwa nyasi kabla ya lami. Mmoja anatuma picha, wengine wanasema ni ndege gani, mwaka gani, na waliosimama mbele yake ni akina nani. Wanasoma namba za mkiani. Wanapima kivuli, wanakwambia saa.

"Hiyo ni kazi ya watu wasio na shamba," Nasipwondi alimwambia. Hata hivyo alimpa mkebe wa biskuti wa marehemu, kwa kuwa ulikuwa unashika kutu.

Ndani ya mkebe mlikuwa na picha ya wanaume saba mbele ya ndege ya rangi ya fedha, propela ikizunguka nyuma yao. Wa mwisho kulia ni Shitanda, amekandamiza kofia isipeperuke. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wake wa mtu anayemwogopa mwalimu, Shitanda aliandika majina sita. Wa tatu kutoka kushoto alimwekea kistari.

Sasa kulikuwa na maonyesho yanayoandaliwa katika ukumbi mmoja mjini. Waandaaji walisema hivi: picha ambayo kila uso una jina itakuzwa iwe kubwa kama mlango na kutundikwa, na jamaa za waliomo watakaa viti vya mbele. Yenye uso usiojulikana itabaki kwenye albamu mezani, pamoja na zile za wanyama. Mathews alikuwa mtoto wa miaka tisa baba yake alipozikwa. Alitaka kuona uso wa baba ukutani, mkubwa kama mlango. Kwa hilo hata Nasipwondi hakumlaumu.

"Mama, huyu wa tatu ni nani?"

"Simjui."

"Na Baba hakuwahi kukwambia?"

"Nilimuuliza siku alipoileta. Akasema, 'Huyo hatumwandiki.' Kisha akaomba chai."

"Labda walikosana kazini."

"Labda. Wewe pia usimwandike."

Mathews akaandika. Ijumaa, saa nane mchana, akiwa sebuleni ameinua miguu juu ya meza, aliwaandikia watu mia nne kwamba wa tatu kutoka kushoto ni babu yake, marehemu Wabwire, baba yake Shitanda, aliyekuwa kibarua hapo uwanjani. Uongo mtupu, tena uongo wa mtu mzima.

Mtoto naye tangu azaliwe alikuwa kilio. Kwa Waluo, kwao Winny, na kwa Waluhya vilevile, kwao Nasipwondi, Mbukusu aliyeolewa Kabras, mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha, basi mwenye jina ndiye aliyekuwa anamtaka, na mtoto ataitwa hivyo. Winny alikuwa amewataja wa kwao wote wa Kombewa mpaka akafikia mashangazi asiowahi kuwaona. Wapi. Mtoto aliwakataa wote.

Ijumaa hiyo Mathews alisoma kwa sauti alichokwisha kuandika, aone kama kinapendeza. Alipotamka "marehemu Wabwire," mtoto akanyamaza. Si kunyamaza kwa kupungukiwa pumzi, la. Alikatika, kama redio iliyochomolewa.

"Yawa!" Winny alishika mdomo. "Amepata jina! Rudia, Baba, rudia!"

"Wabwire," Mathews alirudia.

Mtoto aligeuza kichwa. Hakumtazama baba wala mama. Alitazama juu kidogo ya bega la Winny, mahali ambapo mtu mzima angekuwa na uso kama angekuwa amesimama hapo, akatabasamu.

Nyumba nzima ilifurahi. Jumapili mchungaji alikuja, akaliombea jina, akala kuku na kubeba paja. Mtu mmoja tu hakufurahi, naye ni yule aliyemjua Wabwire. Nasipwondi alimpikia mzee huyo uji miaka saba kule Kabras. Wabwire hakuwahi kuvaa suruali ndefu. Hakuwahi kufika Kisumu. Ndege ikipita juu aliingia chini ya kitanda na kukaa huko mpaka sauti iishe, akitoka anasema alikuwa anatafuta jembe. Leo ndiye aje kusimama hatua tatu kutoka kwenye propela, mikono mfukoni? Kama Wabwire angerudi duniani, angeifuata nyama. Ndege asingeifuata.

Kwa hiyo Nasipwondi hakumwita mtoto kwa jina hilo hata mara moja. Alisema "wewe" na "kijana," akamtazama kama anavyotazama mizani ya muuza nyama.

Jumatano walimpeleka kliniki. Muuguzi alimdunga chanjo pajani, na mtoto hakupepesa jicho. Muuguzi akachelewa kutoa sindano. "Huyu mbona hasikii?" Alimweka kwenye mizani, akaangalia kadi, akaangalia mizani tena. "Amepungua. Anyonye zaidi, mama. Analia akiwa na njaa?"

"Nikimpa ananyonya," Winny alisema polepole. "Nisipompa haombi."

Mchana huo Winny alipolala, Nasipwondi aliwasha feni, akaokota unyoya wa kuku wa mchungaji nyuma ya mlango wa jikoni, akauweka juu ya goti lake. Ukaruka mpaka dirishani. Akauokota, akauweka juu ya kifua cha mtoto, kilichokuwa wazi. Unyoya ulitulia. Feni ilizunguka, pazia lilipepea, leso ya Nasipwondi ilimpiga usoni, na unyoya ulikaa pale kifuani kama umegundishwa, huku mtoto akimtazama, amenyamaza, macho yametulia, macho ya mtu anayekusubiri umalize ulichokuwa unafanya.

Alhamisi alikuja Mzee Griffins Oduor. Huyu alifanya kazi mnara wa kuongozea ndege mpaka alipostaafu, na kundini hakuna anayeaminika kama yeye. Alivaa koti licha ya joto na alibeba kioo cha kukuza ndani ya soksi. Alisema amekuja kuiona picha yenyewe, ya karatasi, kwa kuwa ya simu inamsumbua. Alikaa, akachukua chai, akamwona mtoto aliyelazwa kwenye kochi. Mtoto naye alimwona. Mzee Griffins akaweka kikombe chini.

"Mama Mathews," alisema kwa sauti ndogo, "tuitazamie nje. Kuna mwanga mzuri."

"Hata humu mwanga upo."

"Tutoke tu, mama."

Walisimama karibu na kamba ya nguo. Mzee alishika kioo juu ya picha.

"Usitazame nyuso. Tazama suruali. Propela ikizunguka hivi, upepo wake unamwangusha ng'ombe. Huyu, suruali imegandamana na miguu. Huyu, vivyo hivyo. Mumeo ameshika kofia kwa mikono miwili. Sasa mtazame wa tatu."

Nasipwondi alitazama. Suruali ya wa tatu ilikuwa imeanguka wima mpaka kwenye viatu. Kofia imekaa kichwani, hakuna mkono ulioishika.

"Upepo haumgusi," Mzee Griffins alinong'ona.

Nasipwondi hakupiga ukelele. Alimwonyesha kamba ya nguo kwa kidevu. Mzee alitazama shuka linalopepea, akatazama nepi, akairudia picha.

"Sema unachojua," Nasipwondi alimwambia, "na usinizungushe. Mimi si mgeni wa serikali."

"Nilipoanza kazi kulikuwa na fundi mmoja mzee, Obiero. Yeye ndiye aliyeniambia. Alisema asubuhi nyingine, watu wakipanga mstari waitwe majina, kulikuwa na mmoja zaidi. Wazee wa kazi walimjua na hawakumtazama. Nyapara alisoma daftari lake, akifika jina la mwisho anafunga. Hakuuliza kamwe, 'Nani amebaki?'"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuja nyapara mpya akauliza. Alimwendea, akamwambia, 'Na wewe je, nani?' Huyo hakujibu. Hana jina la kujibu nalo. Basi mchekeshaji mmoja mstarini akasema, 'Huyo ni marehemu baba yangu, amekuja kuomba kazi.' Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Mchekeshaji alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, aliyeitwa jina la huyo marehemu." Mzee Griffins alitazama mlango wa nyumba, akapunguza sauti zaidi. "Mtoto akanyamaza. Akaanza kukauka."

"Akafa?"

"Alikaribia. Obiero mwenyewe ndiye aliyemshika mchekeshaji shingo, akamleta mstarini mbele ya wote waliomsikia, naye mchekeshaji akasema pale, 'Nilidanganya, huyo simjui.' Siku hiyohiyo mtoto akalia."

"Na huyo akaenda wapi?"

"Nyapara alikuwa mbishi, mama. Aliuliza tena. Na mtu mwingine akajibu." Alirudisha kioo ndani ya soksi. "Anatafuta jina, hana haja nyingine. Ukimpa jina umempa kiti. Akishapata kiti, anamsukuma mwenye kukikalia, taratibu, kama watu wanavyokusukuma kwenye benchi kanisani, mpaka ukajikuta sakafuni."

"Na ulipoona jina la Wabwire kundini ulinyamaza?"

"Nilidhani ni mambo ya wazee."

"Wewe ni mzee sasa," Nasipwondi alimwambia. "Yamekuwa yako. Kesho saa nane uje, nitahitaji shahidi."

Alipobaki peke yake na mtoto alimwinamia na kuweka sikio kifuani pake, maana alitaka kuusikia moyo, na moyo aliusikia, mdogo, wa haraka, lakini chini ya moyo, mbali, kama mtu anavyosikia kitu kilicho ng'ambo ya maji, palikuwa na mngurumo, mngurumo wa injini iliyowashwa na kuachwa ijipashe moto kabla ya safari, nao haukupanda wala kushuka, ulisubiri tu, na ile harufu tamu ilitoka katika nywele laini za mtoto ikamjaa puani na mdomoni mpaka akahisi ulimi umekufa ganzi. Akasimama, akaichukua picha aitazame tena kwa macho yake, bila kioo cha mtu. Sasa walikuwa sita. Aliwahesabu kwa kidole, kushoto kwenda kulia na kulia kurudi kushoto, sita, na pale alipokuwa wa tatu palikuwa na gurudumu la ndege, limeonekana lote, na nyasi zimelala kwa upepo, kana kwamba hapajawahi kusimama mtu.

Ijumaa saa nane walikuwa sebuleni wanne na mtoto: Mathews, Winny aliyempakata, Mzee Griffins karibu na dirisha, na Nasipwondi ambaye hakukaa.

"Andika kwamba ulidanganya," alimwambia Mathews.

"Mama, maonyesho ni kesho. Picha imeshakuzwa. Imeshatundikwa! Nimeiona asubuhi, Baba ana urefu kunishinda."

"Wamshushe."

"Unataka niwaambie watu mia nne kwamba mimi ni mwongo?"

"Ulidanganya bila msaada wangu. Malizia vivyo hivyo."

"Kwa sababu ya nepi?" Mathews alicheka, lakini alicheka akimtazama mkewe, sio mtoto. "Mzee Griffins, hata wewe? Mtu wa rada na redio?"

"Mimi nimeona suruali, kijana wangu," mzee alisema.

Nasipwondi aliweka ile picha ya karatasi juu ya meza. Mathews akawahesabu waliomo. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Umeibadilisha."

"Kwa mashine gani? Hii ya kusaga karanga?"

Winny alikuwa ameanza kulia bila sauti. "Baba Wabwire," alimwambia mumewe, "wiki nzima sijaamshwa. Hata siku moja. Ninaamka mwenyewe namkuta macho wazi."

"Mtoto akilala vizuri ni kosa?" Mathews alipiga magoti mbele yake, akamshika mtoto mashavu kwa vidole viwili, akalazimisha sauti ya mchezo. "Wabwire! Ee, Wabwire! Mwonyeshe nyanya yako kwamba huna shida."

Mtoto alifungua mdomo.

"Nipo."

Neno lilikuwa moja, na sauti ilikuwa ya mwanamume mzima, nzito, iliyokwaruzwa na vumbi, sauti ya kibarua anayeitikia jina asubuhi mbele ya nyapara, na midomo ya mtoto haikusogea kulifuata neno, ilikaa wazi tu kama mlango ulioachwa na mtu aliyetoka, na wote wanne walibaki walipokuwa, Winny akiwa amempakata bila kuthubutu kumkumbatia wala kumtupa, mpaka Mzee Griffins alipoanza kusali kwa Dholuo, akataja jina la Nyasaye, Mungu wao, mara nyingi bila kuongeza kitu kingine.

Mathews aliitafuta simu kwenye mfuko ambamo haikuwamo. Aliandika, akafuta, akaandika, akisema kila neno anapolibonyeza: "Nilisema uongo. Wa tatu kutoka kushoto si babu yangu. Simjui." Akatuma.

Kilio kilichotoka kwa mtoto kilikuwa cha wiki nzima. Alijikunja, akawa mwekundu, akapiga ngumi hewani, akatafuta ziwa la mama yake kwa hasira. Upepo wa dirishani ulipeperusha nywele zake. Winny alimfunika kwa mwili wote, akicheka na kulia. "Nyonya, baba, nyonya. Umetokea wapi, baba, nyonya."

Simu ikaanza kutetemeka mezani.

Mungu awasamehe watu wanaojua kila kitu. Wa kwanza aliuliza, "Kwani ni nani basi?" Wa pili akasema anafanana na mtu fulani wa Ahero, jina limemtoka. Wa tatu akaweka picha ya kicheko. Mathews alisoma kwa sauti, halafu akaacha kusoma.

"Nini?" Nasipwondi aliuliza.

"Ni Terry."

Terry, naye yumo kundini, ni binamu yake Winny, mwalimu huko Kombewa, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Naye ni mmoja wa wale wanaotuma ujumbe kwa vipandevipande, kama mtu anayekumegea muwa. Kipande cha kwanza: "Ngojeni, huyu namjua." Cha pili: "Ni marehemu babu yetu." Cha tatu: "Aliitwa nani vile." Halafu chini ya jina lake pakaandikwa kwamba anaandika.

"Mpigie!" Winny alipiga kelele. "Mwambie aache!"

"Hashiki, anaandika!"

Mzee Griffins alijishika kichwa. "Wataendelea. Watu mia nne. Huyu akinyamaza atataja mwingine, asubuhi mpaka jioni, mpaka apate."

Nasipwondi hakujua kuandika haraka, lakini ujumbe wa sauti alijua. Ndivyo alivyokuwa akimgombeza bintiye Metrine aliye Eldoret. Alimpokonya Mathews simu, akabonyeza, akaileta mdomoni kama kipande cha hindi.

"Mimi ni mama yake Mathews, niliyefagia uwanja huo wa ndege mkiwa bado hamjazaliwa. Nisikilizeni. Huyo wa tatu kutoka kushoto jina lake ni Nasipwondi. Ni jina langu, nimempa mimi, na nimempa nikiwa na akili zangu. Hana jina lingine. Anayejua lingine alimeze."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Wote walitazama simu. Chini ya jina la Terry, maandishi yalikatika. Kisha akatuma kipande cha mwisho: "Aa, kumbe. Basi nilikosea."

"Mama," Mathews alisema, "umefanya nini?"

"Hesabu. Mtoto ana miezi mitatu. Aliye tumboni mwa Terry hana hata mmoja. Mimi nina miaka sabini na sita na goti bovu. Hata darasa la nne walinifundisha hiyo."

Alisema hivyo, lakini Winny aliona alivyoinama ghafla upande mmoja, kama mtu aliyewekewa gunia begani bila kuambiwa. Harufu tamu ya mafuta ilijaa chumba chote, wote wakaisikia safari hii, Mathews akaziba pua. Kisha ikakusanyika, ikamsogelea Nasipwondi, ikakaa hapo.

Nasipwondi aliingia chumbani. Alirudi na leso mbili, dawa zake za presha na jembe dogo.

"Nakwenda Kabras. Nyumba ya Shitanda iko tupu, hakuna mtoto karibu, ni migomba tu na jirani kiziwi. Msinifuate. Akitaka kunisukuma anisukume, atakutana na mtu wa Bukusu. Ila nikifa, Mathews, nisikilize vizuri, na umwambie Metrine: jina langu asipewe mtoto. Wa kwake, wa kwako, wa yeyote. Alie mwaka mzima, mtaje ukoo wote hadi wa bibi yake bibi, langu mliruke."

Winny aliinuka na mtoto mkononi. "Mama, hapana. Utapotea kabisa. Hakuna atakayekuita."

"Ndiyo maana yake."

"Nilisema wa kike akija tutampa jina lako..."

"Ulisema. Msichana akija mwite Jumatano, kama mmekosa majina." Alimtazama mtoto, ambaye sasa alikuwa akinyonya kwa pupa na kukoroma, wala hakunyoosha mkono kumgusa. Alirudi nyuma hatua moja. "Na jambo la mwisho. Siku yoyote mkisikia sauti yangu hapa mlangoni inawaita kwa upole, msifungue. Mimi sijawahi kumwita mtu kwa upole."

Mathews alitaka kumshika mkono. Mzee Griffins akamzuia.

"Twende," Nasipwondi alisema, na hakuwa akimwambia yeyote kati yao. Akatoka, akaufunga mlango.